Sanduku Lililotoka Msituni

9 Machi

Kwako mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Watu huanza barua kwa kusema natumaini hujambo. Mimi situmaini, nauliza. Hujambo? Unakula nini? Unalala wapi? Huku mimi mzima, ila goti la kushoto limejifanya bosi, likisema kaa nakaa. Shangazi yako anakusalimu. Ameng'olewa jino na sasa anazungumza kama mtu aliyeficha mkate shavuni. Jirani yangu mpiga picha amepaka mlango wake rangi ya chungwa, mtaa mzima unaona haya kwa niaba yake. Kazi ipo. Hakimu alijaribu kupeleka mashati yake kwa dobi mwingine, wakamuunguza kola, amerudi kwangu kichwa chini. Nilimtazama tu.

Barua naandika kwa mkono wangu. Nilikwenda darasa la watu wazima mpaka nikajua herufi zote, nikaona zinatosha, nikarudi kwenye pasi. Zikipinda, nawe pinda shingo usome.

Sasa lenyewe. Juzi amekuja mke mwenzangu, yaani huyo mkeo, ametoka zamu yake ya asubuhi kule kwenye tanuri la mikate, unga bado uko kwenye nyusi. Tumbo lilitangulia mlangoni, yeye akafuata. Nikampa kiti, nikampa maji. Akasema kila kitu sawa. Mtu ambaye kila kitu chake ni sawa hakunji na kukunjua upindo wa gauni mpaka uzi unatoka. Nikanyamaza, nikaendelea kupuliza mkaa wa pasi. Wenye siri hawapendi kimya, nakwambia. Haikuchukua muda akasema uliaga kwamba unakwenda kutafuta vipuri, na yule fundi rangi wa gereji yenu akaaga hivyohivyo, na kwamba kuna bwana mwenye mashine ya kunusa chuma ardhini, mnamwita Profesa.

Kumbe mko kwenye ule msitu. Mnatafuta mali ya vita.

Huo wimbo mimi niliusikia kabla sijaolewa. Kwamba jeshi lilipokuwa linashindwa lilikatiza msituni na masanduku ya fedha juu ya mabega ya wapagazi, na lilipotokea upande wa pili fedha haikuonekana, wapagazi wameifukia. Kila baada ya miaka michache wanazuka vijana wenye majembe. Wamerudi na homa, wamerudi na maneno, na wako ambao hawakurudi. Sijamwona hata mmoja aliyerudi na kiatu kipya.

Mkeo atajifungua mvua zikiwa bado zinanyesha. Nataka uwe nyumbani siku hiyo, ukiwa na miguu yako yote na akili yako. Sina ombi lingine, na hili si ombi.

Barua nampa dereva wa lori la mbao. Amesema ataiacha kiwandani, pale wanapopasulia magogo, kwamba ndipo mnaposhuka kununua chumvi.

Ni mimi bibi yako.


2 Aprili

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiweka mwanzo kabisa usije ukasema nimeisahau. Mimi mzima wa afya, nakula, nalala kwenye hema zuri lisilovuja sana. Fundi rangi anakusalimu, anasema bado anakumbuka ulivyomfukuza mlangoni kwa sababu ya viatu vyenye tope. Pole na goti. Msalimie shangazi na jino lake.

Bibi, mke wangu amekutia hofu bure. Kazi sijaacha, nimeomba likizo. Pesa ya matumizi nilimwachia. Nami nitarudi kabla hajajifungua, tena sitarudi kama nilivyoondoka. Hebu nisikilize kwanza, halafu ndiyo unigombeze.

Profesa si tapeli. Mashine yake nimeishika kwa mikono yangu. Ukiipitisha juu ya chuma inalia kama mbu mkubwa. Huku tumekuta hizi: kitasa cha mkanda wa jeshi, kiatu cha chuma cha kwato ya nyumbu wa mizigo, kopo la nyama lenye maandishi. Basi jeshi lilipita hapa, si hadithi. Na wazee wa vijiji vya ukingoni wanasema jambo ambalo lilininyima usingizi. Wanasema kulikuwa na mpagazi mmoja mrefu, sikio moja limekatika ncha, ambaye miaka mingi baada ya vita alikuwa akija kila kiangazi. Anaingia msituni, anakaa kutwa chini ya mti mmoja mkubwa wenye mizizi kama kuta, jioni anatoka, anaaga, anakwenda zake. Mpaka alipozeeka.

Bibi, huyo ni Babu Mkubwa, kaka yake Babu. Nani mwingine alikuwa na sikio lile? Mtu hatembei mwendo wote ule kila mwaka kwenda kutazama majani.

Babu mwenyewe sikuwahi kumpata kwenye maneno haya. Nilipotaja vita tu, aliwasha redio. Lakini wewe ulikaa na kaka yake nyumba moja miaka yote ile, ukimfulia, ukimpikia. Najua alikueleza kitu. Niambie alifukia nini na wapi. Mti wenyewe tumeshauona, ila mizizi yake imezunguka eneo kubwa na hatujui pa kuanzia. Neno moja lako lingetuokolea jasho la mwezi.

Wako mtiifu,
mjukuu.


21 Aprili

Kwako usiyesikia,

Marahaba. Hapo kwenye "mtiifu" nilicheka mpaka mkaa ukanirukia.

Habari za huku: shangazi yako jino lingine nalo linauma. Mpiga picha amepaka na madirisha. Mkeo anakwenda kazini bado, nimemkataza kubeba sinia za mikate, hanisikii, mmefanana. Na mwenye gereji amekuja hapa kwangu, amesimama mlangoni na ovaroli yake, ameuliza kwa adabu kama mjukuu wangu amekufa, maana likizo hajaombwa na mtu. Nikamwambia hujafa. Nikaona aibu, nikampa kiti, nikampigia pasi shati bila malipo. Hiyo nakudai wewe.

Unauliza ninajua nini. Najua kufua. Najua kola inaanziwa ncha kwenda kati, si kati kwenda ncha, ukikosea inatoa mikunjo kama uso wa mzee. Najua mtu akinidanganya. Hayo ndiyo ninayoyajua na ninayoweza kukwambia.

Shemeji yangu, ndiyo, alikaa kwangu mpaka nikamfumba macho. Alikuwa mtu wa maneno machache na alikula sana. Wageni wakianza habari za mali ya msituni alikuwa akiinuka anakwenda kuchota maji, hata kama pipa limejaa. Nilikuwa na maji mengi kuliko nyumba yoyote mtaani kwa sababu ya wapumbavu. Aliyonieleza alinieleza mimi, na babu yako akaomba yasivuke kizingiti. Nimewazika wote wawili. Ahadi niliyompa marehemu siwezi kwenda kumwomba anirudishie.

Nakwambia moja tu. Chimbeni kokote mnakotaka, mchimbe mpaka mtokee upande wa pili wa dunia mkawasalimie watu wa huko. Lakini penye mti huo ondokeni. Usiguse udongo wa pale hata kwa kijiko. Usiniulize kwa nini.

Mvua imeanza. Shimo na mvua havijawahi kuwa marafiki.

Bibi.


30 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Naandika haraka, lori linaondoka.

Asante. Hukutaka kuniambia lakini umeniambia. Niliwasomea wenzangu pale uliposema tusiguse udongo wa penye mti, Profesa akanikumbatia. Anasema mtu hazuii kuchimba mahali pasipo na kitu. Tumehamia hapohapo, upande jua linapotokea, na mashine imelia. Si mlio wa kopo. Umetulia, hauondoki.

Usikasirike. Najua uliahidi, na ahadi yako hujaivunja, mimi ndiye niliyeelewa. Lakini, Bibi, na mimi nina swali langu. Ulijua miaka yote hii? Umeinama juu ya nguo za watu mpaka mgongo umekuwa kama mpini wa mwavuli, unajua mali ilipo, na ukanyamaza? Nilikuwa mtoto nikikuona unaloweka soksi za mahakimu kwa mikono iliyochanika na sabuni. Mimi nafanya haya ili hiyo pasi ikae chini. Ningetaka mwanangu azaliwe akute bibi yake amekaa kitini kama watu wengine.

Shimo tumeliwekea magogo. Usihofu.

Mjukuu.


14 Mei

Kwako,

Salamu sina.

Pasi hii unayoionea huruma ndiyo iliyomsomesha baba yako, na Mungu alipomchukua mapema ikakusomesha wewe mpaka ukajua kuandika "mgongo kama mpini wa mwavuli". Mgongo wangu umepinda kwa sababu nilikubeba. Hakuna hakimu aliyewahi kuingia ndani ya chumba changu bila kubisha. Hakuna aliyenilipa kwa kunihurumia. Nikifa nizikeni nayo, nikaipige na sanda yangu pasi, maana najua nyinyi mtanizika nimekunjamana.

Niliyoyaandika kuhusu mti niliyaandika kwa kukuheshimu, nikidhani mtu mzima akiambiwa ondoka anaondoka. Kosa langu. Mbwa ukimwambia usile, ndiyo anajua kuna chakula.

Mkeo amehamia kwangu. Analala kitanda changu, mimi nimetandika chini karibu na makapu ya nguo. Miguu imemvimba. Hakuulizi. Hilo ndilo linalonitisha, mwanamke aliyeacha kuuliza.

Sitaandika tena.


11 Juni

Hii si barua. Nilisema sitaandika na sijaandika. Hii ni taarifa.

Mkeo amejifungua mtoto wa kike siku ya soko, mchana, mvua ikipiga bati mpaka mkunga alikuwa akipiga kelele kama anauza samaki. Mtoto mzima, mama mzima. Ana sauti. Ana vidole virefu, sijui amevitoa wapi.

Dereva wa lori anasema hamjashuka kiwandani tangu mvua zichachamae. Anasema barabara ya juu imekatika. Nimemuuliza maswali mpaka akanikimbia, ameacha hata chenji.

Kama unasoma hii, basi umeshuka. Kama umeshuka, usipande tena. Mjukuu wangu, shuka.


2 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo, na tafadhali itikia.

Naandika nikiwa hospitali ndogo ya mji ulio chini ya kiwanda cha mbao. Mimi sina jeraha ila mikono. Mgonjwa ni fundi rangi. Barua yako ya Mei na ile taarifa nilizikuta kiwandani siku moja, zimefungwa pamoja kwa uzi, karani ameziweka juu ya kabati zisilowe. Nilisoma ya pili kwanza. Nimesoma "ana vidole virefu" mara nyingi mpaka karatasi imechoka.

Nakueleza kama ilivyokuwa, usimweleze mke wangu yote.

Shimo lilikuwa limekwenda chini kupita kimo cha mtu. Mvua ilikuwa haikatiki, kuta zinatoa jasho. Mashine ikilia ile sauti moja haiachi. Profesa akasema tuondoe magogo mawili ya upande mmoja, yanabana, tupate nafasi ya kupanua. Fundi rangi akasema yeye ni mpaka rangi, si mjenzi, lakini hata mpaka rangi anaona kwamba hayo magogo hayakai pale kwa urembo. Tukacheka. Tukayaondoa. Kwenye udongo ukaonekana ukingo wa chuma, mweusi, nimeuona kwa macho yangu. Tukapiga kelele wote. Fundi rangi akainama kuupangusa, na ukuta ukamwangukia mpaka kifuani.

Tulimfukua kwa mikono, kucha zangu zilibaki humo. Mguu ulikuwa umevunjika vibaya. Tulipomlaza juu, Profesa akarudi kuchungulia shimo. Akasema chuma hakijafunikwa chote. Akasema, "Mguu hautakimbia. Tumalize kwanza, jioni tumpeleke. Atakayeondoka sasa hana fungu." Wengine wakatazama miti. Bibi, na mimi nilitazama miti. Sitakudanganya, nilisimama pale nikipiga hesabu ya jioni ni lini.

Halafu fundi rangi akaniambia kwa sauti ndogo, "Nenda kamalize, kaka, mimi nitangoja." Sijui ni nini katika kusema kwake. Nikachukua turubai, nikatafuta mti, tukafunga machela mimi na mpasua mbao mmoja aliyekuwa amekuja kutuuzia magogo. Njia nzima ya kuteremka fundi rangi alikuwa akituomba radhi kwa uzito wake, kwamba angejua siku hii inakuja angepunguza kula.

Mguu wataunusuru, wanasema. Atachechemea.

Sasa usinisifu. Nilipokuwa nimebeba ule mti begani shingo yangu ilikuwa inageuka nyuma. Juzi amepita hapa hospitali mchimbaji mmoja wa Profesa, nikauma ulimi nisimuulize wamekuta nini. Kazi ya gereji sina. Mikono mitupu. Nitamtazamaje mke wangu? Na mtoto nitamtazama usoni kwa lipi? Fundi rangi akiweza kukaa, nafikiri nipande tena mara moja tu, mvua zikipungua, nikaone. Nipate chochote, hata cha kulipia nauli ya aibu yangu. Kisha nije.

Mjukuu wako.


13 Julai

Kwako mjukuu wangu,

Marahaba. Marahaba sana.

Mtoto anatunyoa nywele za kichwa kwa kilio, mkeo amepata nafuu ya miguu, ameanza kunijibu vibaya, kwa hiyo yuko salama. Shangazi yako amebakiwa na meno ya kutafunia uji. Yatosha habari.

Hii imeandikwa polepole. Nimevunja vijiti viwili vya kalamu. Mtu akiwa mkaidi mimi namgombeza, lakini aliyebeba mwenzake begani kwenye mvua huku shingo inageuka nyuma, huyo naweza kumweleza. Marehemu watanisamehe. Wasiponisamehe nitawakuta hukohuko tugombane.

Mimi sikukudanganya hata siku moja, angalia barua zangu. Nilinyamaza. Ningekwambia hakukuwa na fedha, ningekuwa mwongo. Ilikuwepo. Sarafu nzito, sanduku zima, mishahara ya jeshi. Ningekwambia hivyo mwezi wa tatu ungechimba mpaka leo.

Shemeji yangu alichukuliwa upagazi, na jeshi likamchukua na mdogo wake, mvulana ambaye ndevu bado. Sanduku moja lilibebwa na watu wawili, mti katikati, mmoja mbele mmoja nyuma. Kila jioni afisa alipita na fimbo, anagusa masanduku, anataja namba. Masanduku yakitimia analala. Mzigo ulihesabiwa. Mtu hakuhesabiwa. Mpagazi akiugua aliwekwa kando ya njia, na safari inaendelea, na ukimbeba wewe unaachwa naye.

Ndani ya msitu ule homa ikamshika yule mdogo. Siku hiyohiyo ikamshika na mtu mwingine, jirani yao wa nyumbani, mtu mzima, mwenye watoto. Mvua ilikuwa inanyesha hivyo unavyoijua wewe sasa, mstari umekatikakatika, askari wako mbele wanatafuta pa kuvuka. Shemeji na mwenzake wa mti wakabandua kifuniko cha sanduku kwa jiwe, wakaimwaga fedha yote kwenye korongo, ikateremka na tope. Wakasimama na sanduku tupu. Sanduku moja, wagonjwa wawili.

Yule mtu mzima ndiye aliyesema. Alisema, "Mtieni mtoto. Mimi nitangoja." Wakamlaza chini ya mti ule wenye mizizi kama kuta, mahali pasipopiga mvua sana, wakamwachia sufuria ya chuma akinge maji.

Uliposoma hapo nadhani umeshaelewa. Ukingo ule ulioona, uliofunikwa na tope la miaka yote hii, haukuwa na kona. Wewe ni fundi, ulijua hauna kona, ila ulitaka uwe nayo. Pale hapakufukiwa mali. Pale aliachwa mtu. Shemeji hakuwa anakwenda kulinda kitu. Alikwenda kila kiangazi kukaa naye kutwa, kwa sababu siku ile hakukaa.

Jioni afisa akagusa sanduku kwa fimbo, akataja namba yake, akaridhika. Ndani yake alikuwa mvulana amekunja magoti, ameuma kitambaa asikohoe. Walipotokea nje ya msitu wakamtoa, wakakimbia. Sanduku likakutwa tupu, jeshi likasema wapagazi wamefukia mali, na huo wimbo mnaouimba ukazaliwa.

Yule mvulana ni babu yako. Ndiyo maana alikuwa anawasha redio. Alisema kila akisikia habari ile anahisi amekalia kiti cha mtu, na mwenye kiti yuko mlangoni. Hakutaka watoto wake wakue wakijua. Nikamwambia mimi kama nisingejua ningemuuliza kwa nini halali chumba kilichofungwa mlango. Tulilala mlango wazi miaka yote, mbu wakatumaliza.

Basi usiniulize tena kama nilijua mali ilipo. Nililala nayo kitanda kimoja. Ilikuwa inakoroma.

Siku moja nilimuuliza shemeji. Alikuwa amekaa kizingitini ananipulizia mkaa, babu yako ndani analalamika chai imepoa. Nikamwambia, wewe unalijua lile korongo, sisi tunakula mara moja kwa siku, kwa nini hukurudi kuokota hata mfuko mmoja? Hakukasirika. Akaniambia, "Shemeji, ile nilishanunulia kitu. Wewe ukinunua kitu dukani, kesho yake unarudi kudai pesa yako?" Akasikiliza kelele za ndani kidogo. Akasema, "Na bidhaa yenyewe nimekuachia wewe uihangaikie."

Sasa fanya hivi. Waombe wale wapasua mbao wakalifukie lile shimo na sufuria ikiwa humo, waiweke ilivyokuwa. Profesa akibisha, wao wana mashoka na yeye ana mashine ya mbu. Wewe usipande. Mwenye gereji nimezungumza naye, amesema uje uombe mwenyewe, ukiwa umenyoosha shati. Shati nitalinyoosha mimi. Fundi rangi mje naye, chumba cha nyuma nimetoa makapu, na viatu vyake avivulie nje.

Korongo lenyewe shemeji aliniambia ni lipi, mpaka jiwe walilosimama nalikumbuka. Siliandiki hapa. Njoo uniulize. Ila utaniuliza ukiwa umembeba huyu mtoto, huku umeketi, naye amelala mkononi mwako, na ukiwa bado unataka kujua, nitakutajia.

Bibi yako.